Nani Alaumiwe? Uhakiki wa Lugha ya Kampeni za Kupunguza Unyanyapaa dhidi ya Usonji

Ikisiri

Kampeni za kupunguza unyanyapaa dhidi ya usonji katika Afrika Mashariki aghalabu huanza kwa kushutumu imani za uchawi, laana na mkosi, kisha huileta sayansi kama dawa ya imani hizo. Makala hii inahakiki mpangilio huo. Inaonyesha kwamba lawama dhidi ya mama wa mtoto mwenye usonji ilijengwa pia na wasomi wa tiba katika karne ya 20, na kwamba muundo wa lawama hiyo unafanana na ule unaobebwa na baadhi ya methali za malezi za Kiswahili. Kwa kuchunguza mifano ya Marekani, Korea Kusini na Aotearoa, pamoja na istilahi, vitenzi na sitiari zinazotumika katika Kiswahili, makala inahitimisha kwamba mzizi wa unyanyapaa ni swali lenyewe la nani amesababisha, wala si jibu moja tu kati ya majibu yake. Inapendekezwa kwamba matini za sera zihakikiwe kwa vigezo vinne kabla ya kusambazwa.

1.0 Utangulizi

Tarehe 2 Aprili ya kila mwaka ni siku ya kimataifa ya kuelimisha umma kuhusu usonji. Siku hiyo ilianzishwa kwa azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la Desemba 2007 na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2008. Hotuba na vipindi vya redio vinavyoandaliwa kwa ajili yake hufuata mpangilio unaofahamika. Kwanza hutajwa mzazi, mara nyingi wa kijijini, anayeamini kwamba mtoto wake amerogwa. Kisha mtaalamu hueleza kwamba usonji si uchawi bali ni hali ya ukuaji wa ubongo. Mwishoni jamii huombwa iachane na imani potofu.

Maelezo hayo yana ukweli ndani yake na hutolewa kwa nia njema. Usonji ni hali ya ukuaji wa mfumo wa neva inayoanza utotoni. Hugusa namna mtu anavyowasiliana, anavyohusiana na wenzake na anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Hauambukizi, wala hautokani na malezi mabaya. Wapo watu wenye usonji wasiozungumza kabisa na wanaohitaji msaada wa saa zote. Wapo pia wanaosoma, wanaofanya kazi na kulea familia. Ndiyo maana mwongozo wa uainishaji wa Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani wa mwaka 2013 uliziweka hali zilizokuwa zikitenganishwa chini ya wigo mmoja.

Hata hivyo, ukweli wa maelezo si uthibitisho kwamba yanapunguza unyanyapaa. Matini ya kampeni ni matini kama nyingine: ina msimulizi, wahusika, mtuhumiwa na mwokozi. Katika mpangilio uliotajwa, mtaalamu ndiye mwokozi, mwanakijiji ndiye mjinga, na mtu mwenye usonji mwenyewe ni mhusika bubu. Mhakiki wa fasihi anayesoma riwaya yenye muundo huo hawezi kuacha kuuliza maswali. Hakuna sababu ya kutoyauliza pale matini inapokuwa bango la wizara au mwongozo wa walimu. Suala hili lina uzito zaidi sasa ambapo Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na maneno yatakayochaguliwa leo yatasomwa kutoka pwani hadi Kinshasa.

2.0 Alama Isiyoonekana

Erving Goffman, katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu unyanyapaa, anakumbusha kwamba neno la Kiyunani linalotumika katika lugha za Ulaya lilimaanisha alama iliyochomwa au kukatwa mwilini ili kumtambulisha mtumwa, mhalifu au msaliti. Dhana hiyo huelekeza macho kwenye mwili wa anayetengwa. Kiswahili kina mwelekeo tofauti. Nomino unyanyapaa imetokana na kitenzi nyanyapaa, yaani kumtenga mtu kwa kumwonea kinyaa. Kinachotajwa si alama ya mtengwa bali ni tendo la mtengaji. Kwa namna hiyo, Kiswahili kimeliweka tatizo mahali pake: kwa anayetenda.

Tofauti hii ina maana kubwa katika suala la usonji, kwa kuwa usonji hauna alama mwilini. Mtoto mwenye usonji hatofautiani kwa sura na ndugu zake. Kinachoonekana ni mwenendo. Anapita mbele ya wazee bila kuamkia. Anaziba masikio na kupiga kelele ngoma za harusi zinapoanza. Anakataa chakula kilichobadilishwa sahani. Anarudia neno moja kutwa nzima. Katika jamii ambamo shikamoo ni kipimo cha kwanza cha malezi, mtoto asiyeamkia haonekani kuwa na ulemavu; huonekana kuwa hana adabu. Na adabu ya mtoto, kwa mtazamo wa wengi, ni hati ya malipo inayopelekwa kwa mama.

Goffman alieleza pia kwamba unyanyapaa huwafikia walio karibu na anayetengwa. Katika usonji mpangilio huo mara nyingi hugeuka: mama hunyanyapaliwa kwanza, na mtoto hutengwa kwa sababu mama ameacha kumtoa nje. Hakuna anayemwambia asije harusini. Anaulizwa tu, kwa upole, kama mtoto atabaki na nani. Waswahili wamelisema hilo zamani: akufukuzaye hakwambii toka. Unyanyapaa wa aina hii haupimwi kwa kuhesabu matusi, kwa kuwa matusi hayatolewi. Unapimwa kwa kuhesabu mialiko isiyofika, ziara zilizokoma na shule ambazo kila mara hazina nafasi.

Hapa ndipo tofauti za utamaduni zinapodai umakini wa watafiti. Orodha nyingi za kubainisha usonji zilizotungwa Marekani na Ulaya huhesabu kutotazamana machoni kuwa mojawapo ya dalili. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, mtoto aliyelelewa vizuri huinamisha macho anapozungumza na mkubwa. Swali lililotafsiriwa neno kwa neno linaweza kumhesabu mwenye adabu kuwa na dalili, na likakosa kabisa kile ambacho bibi wa mtoto alikwisha kukigundua: kwamba mtoto haitiki akiitwa jina, na haonyeshi kwa kidole kitu anachotaka mwingine akione. Utamaduni hauzalishi usonji, lakini huamua ni dalili gani itaonekana mapema na itaitwa jina gani.

3.0 Mama Mshtakiwa

Methali mbili za Kiswahili hutawala mazungumzo ya malezi: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Zote mbili zina hekima, na makala hii haikusudii kuzifuta. Lakini zinapotamkwa mbele ya mama wa mtoto mwenye usonji, hugeuka kuwa hukumu. Zinadai kwamba kila tabia ya mtoto ina mwalimu, na kwamba mwalimu huyo ni mama. Methali ya pili haimtaji baba kabisa.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba huu ni upungufu wa hekima ya jadi unaosubiri kusahihishwa na sayansi. Historia inakataa. Mwaka 1943, Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto aliyekuwa akifanya kazi Baltimore, Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11 ambayo ndiyo msingi wa dhana ya kisasa ya usonji. Katika maelezo hayo alibainisha kwamba huenda watoto hao walizaliwa na hali hiyo; lakini alitaja pia kwamba wazazi wenye uchangamfu walikuwa wachache kati ya aliowaona. Kufikia mwaka 1949, alilinganisha mazingira ya nyumbani kwa watoto hao na jokofu lisiloyeyusha barafu. Sitiari hiyo ilizaa istilahi ya mama jokofu, iliyoenea katika vyuo, hospitali na magazeti ya Marekani.

Aliyeipeleka lawama hiyo mbali zaidi ni Bruno Bettelheim, mkurugenzi wa shule ya watoto iliyokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Chicago. Kitabu chake cha mwaka 1967, ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Ngome Tupu, kililinganisha hali ya watoto hao na ile ya wafungwa wa kambi za mateso za Wanazi, kambi ambazo yeye mwenyewe alizipitia huko Dachau na Buchenwald. Kwa mlinganisho huo, nyumba iligeuka kambi na mzazi akawa mlinzi wake. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa kumtenga mtoto na wazazi wake. Kitabu kilipokelewa kwa heshima kubwa, ingawa miaka mitatu kabla yake, mwaka 1964, Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa pia baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa amechapisha hoja pana za kuonyesha kwamba chanzo ni cha kibayolojia. Mwaka 1969 Kanner alisimama mbele ya mkutano wa wazazi na kuwatangazia kuwa hawana hatia. Mwaka 1977 utafiti wa Susan Folstein na Michael Rutter kuhusu mapacha uliimarisha hoja ya urithi.

Kinachopaswa kuzingatiwa na mhakiki ni muundo. Mganga anayesema mama alikiuka mwiko akiwa mjamzito, shangazi anayesema mama hakumfunza mwanawe, na profesa aliyesema mama alikuwa baridi, wote wanasimulia hadithi moja. Pana mtoto aliyekuwa atoke sawa, pana mama aliyemharibu, na pana mjuzi anayeweza kusoma kosa la mama katika mwenendo wa mtoto. Tofauti ni mavazi ya msimulizi. Kwa hiyo kampeni inayoonyesha lawama kama mali ya kijiji peke yake haisemi ukweli wote, na huwapa wataalamu kinga wasiyostahili.

4.0 Sababu Mpya, Hofu ya Zamani

Inaweza kupingwa kwamba kosa la wasomi wa wakati huo lilikwisha kusahihishwa, na kwamba leo sayansi inatoa jibu lisilomlaumu mtu. Pingamizi hili lina nguvu na linastahili kujibiwa kwa mfano. Mwanaanthropolojia Roy Richard Grinker, katika kitabu chake cha mwaka 2007, anaeleza hali aliyoikuta Korea Kusini. Baadhi ya familia huko zilipendelea mtoto apewe jina la tatizo la kushindwa kujenga uhusiano na mlezi kuliko jina la usonji. Jina la kwanza lilimlaumu mama, lakini kosa la mama huishia kwa mama. Jina la pili liliashiria urithi, na urithi huugusa ukoo mzima, pamoja na matumaini ya ndugu za mtoto kuoa na kuolewa. Mama alikubali kubeba lawama ili kuulinda ukoo.

Miaka minne baadaye, mwaka 2011, kundi la watafiti ambalo Grinker alishiriki lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto wa umri wa miaka 7 hadi 12 katika eneo moja la Korea Kusini. Lilikadiria kiwango cha usonji kuwa asilimia 2.64. Takriban theluthi mbili ya watoto hao walikuwa katika shule za kawaida, bila kubainishwa na bila msaada wowote. Takwimu hiyo ni funzo kwa washauri wa sera: pale jina linapoogopwa, watoto hawapungui, yanayopungua ni majalada yao.

Mfano huu unaonyesha kwamba maelezo ya kibayolojia hayaondoi unyanyapaa kwa kuwa ya kibayolojia tu. Tafiti kuhusu unyanyapaa wa magonjwa ya akili zimefikia hitimisho lililo karibu na hili: kueleza chanzo cha kibayolojia hupunguza lawama, lakini huweza kuongeza mtazamo kwamba hali hiyo haina matumaini. Aidha, sayansi yenyewe imewahi kuzalisha hofu ya uongo. Mwaka 1998 jarida la tiba la London lenye hadhi kubwa, The Lancet, lilichapisha makala iliyohusisha watoto 12 na kudokeza uhusiano kati ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na dalili za usonji. Makala hiyo ilifutwa rasmi mwaka 2010, na tafiti kubwa hazikupata uhusiano huo. Uvumi wake ungali hai. Huo haukuanzia kilingeni; ulianzia katika kurasa za wasomi, ukawapa wazazi mtuhumiwa mpya: yule aliyempeleka mtoto kliniki.

Kinachounganisha mwiko, jokofu, damu na chanjo ni swali: nani amesababisha? Swali hilo ni la haki kwa mtafiti aliye maabara, na ni la kibinadamu kwa mzazi asiyepata usingizi. Lakini likiwa ndilo mlango wa kuingilia mazungumzo ya umma, huandaa kiti cha mshtakiwa, na kiti hicho hakikai kitupu. Swali linalofaa kutangulia katika matini ya umma ni lingine: mtoto huyu, jinsi alivyo, ana nafasi gani nyumbani, shuleni na sokoni?

5.0 Jina, Kitenzi na Mmiliki

Majina ya usonji katika lugha mbalimbali ni uhakiki mdogo wa tamaduni zilizoyatunga. Istilahi ya kimataifa ilibuniwa na Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi, mwanzoni mwa karne ya 20, kutokana na neno la Kiyunani autos, lenye maana ya mwenyewe. Kijapani kilitafsiri kwa maneno yenye maana ya ugonjwa wa kujifungia. Kiarabu hutumia tawahhud, kuwa peke yake, neno la mzizi uleule uliokipa Kiswahili tauhidi. Majina yote haya yanamtazama mtu kutoka nje na kusema: huyu amejitenga. Hayaulizi kama ametengwa. Tofauti na hayo ni jina la Kimaori, takiwātanga, lililoandaliwa na Keri Opai wa Aotearoa, yaani New Zealand, na kutangazwa mwaka 2017 katika orodha ya istilahi za afya ya akili na ulemavu. Maana yake ni kuwa katika wakati na nafasi yake mwenyewe. Jina hilo halikanushi tofauti, ila linamwachia mtu mwendo wake.

Neno usonji lina faida moja ambayo haijatajwa vya kutosha: kwa msemaji wa kawaida, halimchorei picha ya mtu aliyejifungia. Ni chombo kisichojazwa bado. Hatari iko katika maneno yanayolizunguka. Matini za Kiswahili husema mtoto anaugua usonji, anasumbuliwa na usonji, ameathirika na usonji, au anaishi na usonji. Vitenzi viwili vya mwanzo vinaifanya hali ya ukuaji kuwa maradhi yanayosubiri tiba, na hivyo kufungua soko kwa wauza dawa wa kila aina. Neno mwathirika lilikwisha kutumika kwa watu wenye virusi vya UKIMWI, likaachwa hatua kwa hatua kwa sababu walioitwa hivyo hawakuridhika nalo. Kuishi na ndiko kulikochukua nafasi yake, na kulifaa: virusi viliingia mwilini, mtu akaendelea kuishi pamoja navyo. Usonji haukuingia kutoka popote. Kuusema kana kwamba ni mgeni aliyekaribishwa chumbani ni kurudisha, kwa mlango wa nyuma, picha ya mtoto mzima aliyevamiwa.

Katika Kiingereza upo mjadala mkali kati ya wanaotaka mtu atangulizwe kabla ya hali yake na watu wengi wenye usonji wanaotaka hali itajwe kama sehemu ya utambulisho wao. Mjadala huo hauhamishiki jinsi ulivyo. Kiswahili husema mwenye usonji, na mwenye ni neno la umiliki: mwenye nyumba, mwenye shamba, wenye mji. Mwenye kitu ndiye mwenye kauli juu yake. Tena ni kwa mzizi huo huo lugha hii huunda neno mwenyewe, maana ileile aliyoikusudia Bleuler. Kiswahili kimeshika mkononi istilahi yenye heshima bila kuikopa popote: mtu mwenye usonji, ambaye usonji ni wake na kauli kuhusu usonji inaanza kwake.

Maneno peke yake, hata hivyo, huchakaa. Historia ya majina ya ulemavu inathibitisha hilo. Nomino kipofu, kiziwi na kiwete zina umbo la kiti na kisu, ingawa hupatanishwa kama watu. Neno taahira, lenye undugu na ahirisha, lilibeba dhana ya kuchelewa tu, lakini leo ni tusi. Zeruzeru limeachiwa nafasi na mtu mwenye ualbino, baada ya mauaji yaliyoitikisa Tanzania na nchi jirani. Neno jipya ambalo haliandamani na shule, sheria na urafiki hurithi kinyaa cha lile lililotangulia.

6.0 Ngome na Kipaji

Sitiari ya ngome haikufa pamoja na nadharia ya Bettelheim. Bado husikika kwamba mtoto amefungwa katika dunia yake, kwamba yuko nyuma ya ukuta, kwamba wataalamu watamtoa gizani. Mwaka 1993 Jim Sinclair, mtu mzima mwenye usonji, aliwajibu wazazi kuhusu picha hiyo katika mkutano uliofanyika Toronto. Hoja yake ni kwamba usonji si ganda ambalo ndani yake amejificha mtoto wa kawaida. Mzazi anayemlilia mtoto huyo wa kufikirika humwacha peke yake mtoto aliye mbele yake. Hoja hiyo ilikamilishwa na Damian Milton mwaka 2012, alipoeleza kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao ni kwa pande mbili. Kama ukuta upo, umejengwa kutoka pande zote.

Sitiari ya pili ni ya kipaji. Filamu ya Rain Man ya mwaka 1988 ilifanya usonji ujulikane duniani kwa kumwonyesha mtu anayekumbuka namba na kuhesabu kwa kasi ya ajabu. Tangu hapo watetezi wengi wamejaribu kuondoa unyanyapaa kwa kuonyesha kwamba watu wenye usonji ni werevu kupita kiasi. Hoja hii inampa heshima mmoja na kuwanyang'anya wengi. Mtoto asiyezungumza, asiyechora na asiyehesabu, anadaiwa tena: kwanza alidaiwa adabu, sasa anadaiwa kipaji. Utu unaohitaji cheti cha umahiri si utu bali ni mshahara.

Methali nazo si mali ya upande mmoja. Hujafa hujaumbika hutumiwa kuwakemea wanaocheka ulemavu, lakini nguvu yake inatokana na hofu: usicheke, yatakufika. Usonji haumfiki mtu ukubwani, hivyo methali hiyo haimgusi msikilizaji, na hata ingemgusa ingemfundisha kuogopa, si kuheshimu. Samaki mkunje angali mbichi hufaa kuhimiza msaada wa mapema, lakini humfanya mtoto kitu cha kukunjwa. Ipo nyingine inayobeba hoja bila kumgeuza mtu kuwa onyo: mkono mmoja haulei mwana. Hiyo haimtafuti mkosaji. Inahesabu mikono iliyopo na kuuliza mingine iko wapi.

7.0 Athari kwa Sera

Msingi wa kisheria upo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika Ibara ya 8, unazitaka nchi zielimishe umma na kupambana na fikra mgando. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha, na hivyo kulifanya suala la istilahi kuwa suala la haki. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Itifaki ya Afrika kuhusu haki hizo, iliyopitishwa mwaka 2018, ilianza kutumika mwaka 2024. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuzisoma matini zenyewe kabla hazijafika kwa wananchi.

Inapendekezwa kwamba kila matini ya umma kuhusu usonji ipimwe kwa maswali manne. Je, kuna mtu anayewekwa katika kiti cha mshtakiwa, awe mama, ukoo au kijiji? Je, vitenzi vyake vinazungumzia maradhi pale panapozungumziwa hali ya ukuaji? Je, sitiari zake zinamwacha mtu awe mtu, au zinamfanya mfungwa, malaika au mashine ya kuhesabia? Na je, mtu mwenye usonji anasema chochote ndani yake, kwa mdomo, kwa maandishi, kwa picha au kwa njia nyingine anayoitumia? Matini isiyopita swali la nne haijakamilika, hata kama imepita mengine yote.

Pili, istilahi zioanishwe. Nchini Kongo na Burundi wataalamu wa afya husomea Kifaransa, na nchini Uganda Kiingereza. Mzazi wa Goma au Bujumbura anayezungumza Kiswahili hupewa jina la kigeni kwa hali ya mwanawe. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na BAKITA, BAKIZA na asasi za nchi nyingine, ina nafasi ya kuandaa orodha ya pamoja. Kazi hiyo isiishie kwa wanaisimu na madaktari. Majina yaliyokubalika, kama takiwātanga, yaliheshimu namna wenye hali hiyo wanavyoishi.

Tatu, fedha za kampeni zielekezwe zaidi katika kukutanisha watu kuliko katika kuhutubia. Uzoefu wa kupambana na unyanyapaa unaonyesha kwamba kukutana ana kwa ana, katika mazingira ya usawa, hubadili mitazamo ya watu wazima kuliko maelezo peke yake. Darasa lililotengewa kona tulivu, msikiti au kanisa linalomruhusu mtoto atembee wakati wa ibada, na harusi ambayo mama ameambiwa waziwazi aje na mwanawe, ni matini zenye nguvu kuliko bango.

8.0 Hitimisho

Unyanyapaa dhidi ya usonji hauna kabila wala kiwango cha elimu. Umevaa vazi la mganga, la shangazi na la profesa. Kampeni inayomwambia mwanakijiji kwamba kosa ni lake inarudia, kwa sauti ya upole, tendo lilelile inalolipinga: inamtafuta wa kulaumiwa. Kiswahili kina nyenzo za kufanya vizuri zaidi. Kina kitenzi kinachomtaja mtengaji, kina neno mwenye linalompa mtu umiliki wa hali yake, na kina methali inayohesabu mikono ya kulea. Wanaoandika sera katika lugha hii hawana budi kuzitumia nyenzo hizo kwa uangalifu, kwa sababu kila tamko wanaloliandika litasomwa siku moja na mama aliyekwisha kuhukumiwa mara tatu, na pengine na mwanawe pia.